Vitabu vya watoto vya kilimo na chakula, mnavichaguaje?

mamake_tunu

Wakuu habari za humu. Nimepewa kazi ya kuchagua vitabu vya kona ya kusomea ya watoto, umri kuanzia miaka 3 mpaka 9 hivi, na mada tuliyokubaliana ni chakula, kilimo na mimea kwa sababu kuna kabustani kadogo kataanzishwa pamoja na haohao watoto. Sasa vitabu vipo vingi tu ila vinafanana mno jamani, ukurasa wa kwanza mbegu, wa pili jua linacheka, wa tatu mvua, wa nne ua limechanua, kwisha habari. Hakuna aliyepalilia, hakuna mdudu, hakuna aliyesubiri. Afu upande wa pili kuna vile vya maelezo matupu, maneno yamejaa mpaka mtu mzima unasinzia.

Naombeni mnisaidie, nichukue hadithi au vya maelezo? Na nitajuaje kilichoandikwa ni sahihi maana mi si mtu wa kilimo? Na la mwisho, hivi vitabu vya mboga na matunda kweli vinamsaidia mtoto anayesusa kula au ni maneno ya wauzaji tu?

mwl_siti

Dada hapo kwenye kusubiri ndo penyewe. Mi kitabu cha kupanda nakipima kwa kitu kimoja kabla ya vyote, kinaujua muda au hakiujui. Harage likipata joto na unyevu linachomoza ndani ya wiki moja au moja na nusu. Karoti inaweza kukaa wiki moja mpaka tatu hujaona kitu. Nyanya toka mbegu mpaka tunda jekundu ni miezi mitatu minne, na nanasi ndo usiseme, mwaka na nusu na zaidi. Sasa mtoto aliyesomewa kwamba ukilala ukiamka mmea umefika dirishani, siku ya tatu anafukua mbegu aone kama imekufa, na akishaifukua kweli inakufa.

Kuna kitabu cha zamani cha Ruth Krauss, cha mwaka 1945, mtoto kapanda mbegu ya karoti na kila mtu nyumbani anamwambia haitaota. Yeye anang'oa magugu, anamwagilia, basi. Maneno ni machache sana ila hali ya kusubiri ipo yote, na aliyekiandika alichagua karoti ambayo kweli ni mvivu wa kuota. Angeweka harage hadithi ingeisha kabla watu hawajaanza kumkatisha tamaa. Mwisho wake karoti inatoka kubwa kupita kiasi, hiyo ni chumvi ya hadithi na watoto wanaielewa vizuri tu, hawadanganyiki na karoti kubwa, wanadanganyika na karoti ya haraka.

Angalia pia kama kuna kitu kinaharibika humo ndani. Kitabu ambacho mche mmoja umeliwa na konokono au umenyauka kwa jua kina thamani kuliko kumi ambavyo kila kitu kimestawi, maana kwenye bustani yenu miche itakufa hata mfanyeje, na mtoto asiyewahi kuona hilo kitabuni anadhani kosa ni lake.

Na usisome kitabu chote siku moja. Kurasa za kupanda soma siku mnapanda, za kuchipua subiri mpaka vichipue. Wakubwa kidogo wanalalamika ila wanakuwa wanakwenda wenyewe kuchungulia udongo ili tu kitabu kiendelee.

jembe_na_kalamu

Swali la usahihi niachieni mimi maana haya makosa yananikera miaka yote. Ukitaka kujua mchoraji alishawahi kuona shamba au hajawahi, tafuta nanasi. Kama kachora mananasi yananing'inia juu ya mti kama maembe funga kitabu, nanasi linakaa katikati ya majani karibu na ardhi na kila shina linabeba moja. Halafu tafuta karanga, karanga ikichorwa kwenye matawi ni uongo na ikichorwa tu iko chini kama kiazi bila maelezo ni nusu ya ukweli, maana ua la karanga linatoka juu hewani vizuri tu, likishachavushwa ndo kikonyo chake kinarefuka kinainama kinajichimbia ardhini na ganda linakua huko chini, sasa hebu niambie hadithi gani ya kutunga inaizidi hiyo, mmea unajizikia mtoto wake mwenyewe, lakini vitabu vinaipita kama hawajaiona!

Mengine ya kukagua haraka haraka. Mgomba si mti, ni jani juu ya jani yamevingirishana. Kiazi mviringo si mzizi, ni shina lililonenepa chini ya ardhi, ndo maana kina macho na kila jicho linaweza kutoa chipukizi. Nyuki wanaokwenda kwenye maua ni majike wote, dume la nyuki halikusanyi chochote na halina hata mwiba, ila vitabu vingi vinamchora mzee mwenye ndoo ya asali. Nyungunyungu ukimkata katikati huwi na nyungunyungu wawili, unakuwa na mmoja aliyeumia au aliyekufa, na hili nimeliona limeandikwa kabisa kwenye kitabu cha watoto tena kwa kujiamini. Na mbegu nyingi haziitaji jua kuota, zinaitaji maji, hewa na joto, jua ni baadaye majani yakishatoka. Zipo chache zinazotaka mwanga kama saladi, ile usiifukie chini sana.

Kingine hakihusiani na mimea ila nakisema, mkulima kwenye vitabu ni baba mwenye kofia siku zote. FAO, lile shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kwenye ripoti yao ya 2011 walisema wanawake ni kama asilimia 43 ya nguvukazi ya kilimo kwenye nchi zinazoendelea. Wako wapi kwenye picha? Wanapika.

pili_wa_hadithi

Mkuu jembe nakuheshimu lakini ukikagua hivyo utabaki na rafu tupu. Mtoto wa miaka minne hachukui kitabu kwa sababu kikonyo cha karanga kimechorwa sawasawa, anachukua kwa sababu jana kilimchekesha. Zile ngano za zamani zimedumu kwa nini? Ile ya Urusi ya mzee anayevuta tanipu, mboga ya mzizi mnene, haling'oki, anaitwa bibi, anaitwa mjukuu, anaitwa mbwa, paka, mpaka panya, kila ukurasa mstari mmoja unaongezeka na watoto wote wanaimba na wewe. Hakuna elimu ya kilimo pale hata chembe ila mtoto anatoka anajua mavuno yana uzito na mtu mmoja hatoshi. Au ile ya kuku anayepanda ngano, anauliza nani atanisaidia wote wanakataa, mkate ukiiva wote wanataka. Pale ndani kuna kupanda, kuvuna, kusaga, kukanda, kuoka, mlolongo mzima toka punje mpaka mkate, na mtoto ameumeza bila kujua. Na mjadala unaofuata, je kuku alifanya haki kula peke yake, unaweza kuisha kesho yake.

Afu kile cha kiwavi cha Eric Carle cha 1969 mnakijua, kiwavi anakula kila kitu mpaka tumbo linamuuma, kimesomwa dunia nzima. Wataalamu wanakilalamikia kwa sababu kiwavi anajijengea kijumba kama cha nondo halafu anatoka kipepeo, na vipepeo kwa kawaida hawajifumii kijumba cha hariri. Sawa. Kuna mtoto aliyeharibikiwa?

jembe_na_kalamu

Hajaharibikiwa, ila na wewe umelikumbuka kosa mpaka leo 😄

rafu_ya_chini

Nafanya kazi na vitabu, naomba niingie katikati yenu kabla hamjachaniana kurasa.

Kuna utafiti wa mwaka 2014, Patricia Ganea wa Chuo Kikuu cha Toronto na wenzake, waliwasomea watoto wa miaka 3 mpaka 5 vitabu kuhusu wanyama wasiowajua. Vingine vilimweleza mnyama kama alivyo, vingine mnyama anaongea na kuwaza kama binadamu. Waliosomewa vya mnyama-mtu walianza kumpa mnyama wa kweli hisia na mawazo ya watu, na wale wadogo zaidi waliokota mambo machache ya kweli. Kwa hiyo wewe pili_wa_hadithi, kuku wako anafundisha ushirikiano vizuri sana ila kuhusu kuku mwenyewe hafundishi kitu. Wala si kosa lake, hakuandikiwa kazi hiyo.

Mi nachofanya nachanganya kwa makusudi, hadithi moja na kitabu cha picha halisi kimoja cha kitu kilekile, vinakaa pamoja. Mtoto akimaliza tanipu la mzee anakuta pembeni picha ya tanipu la kweli limekatwa katikati, mizizi inaonekana, udongo bado umeshika. Kwa wa miaka 3 kushuka picha iwe halisi au mchoro ulio karibu na halisi, watoto wadogo sana wanapata shida kuhamisha katuni kwenda kwenye kitu cha mkononi.

Mama Tunu, wewe si mtu wa kilimo lakini kitabu kinachojua kinachosema utakitambua kwa sababu kinataja. Kibovu kinasema mmea, ua, mdudu. Kizuri kinasema hili ni boga na hili ni ua lake dume. Kama hakikuthubutu kutaja jina ujue mwandishi naye hakuwa na uhakika.

mwl_siti

Hilo la boga umenikumbusha, hilo ndo swali linaloliza watoto bustanini, mwalimu maua yetu yote yamedondoka. Maua ya kwanza ya boga kwa kawaida ni madume, yanachanua, yanadondoka, kazi yake ni kutoa chavua. La kike utalijua, lina kaboga kadogo chini yake tayari. Kitabu chenye hiyo picha moja tu kinaokoa machozi mengi.

Na mahindi pia. Kila unywele wa zile ndevu umeunganishwa na punje yake, unywele usipopata chavua toka juu kwenye mbelewele punje ile haijai, ndo yale mapengo mnayoyaona kwenye gunzi. Ukiwa na kitabu kinachoeleza hivyo wapeni watoto hindi lenye mapengo wahesabu nywele ngapi zilikosa. Afu wahesabu mistari ya punje, karibu siku zote inakuja namba shufwa. Wale wa miaka 8 na 9 watataka kuvunja kila hindi wakikutafutia la witiri.

mamake_tunu

Asanteni sana yaani mmenifungua macho, hasa hapo pa kutaja majina, hilo naliweza hata mimi. Nimerudi kwenye nilivyokuwa nimevitenga na nusu vinasema ua, mdudu, mmea, nimevitoa. Ila swali la kususa chakula bado hamjanijibu. Na limeibuka jingine, vitabu vya mifugo. Kila kimoja kina ng'ombe anatabasamu, maziwa yako mezani, na nyama haitajwi popote kama vile haipo. Nifanyeje hapo?

bi_lishe

La kususa nalijibu mimi, nimekaa kwenye mambo ya lishe ya watoto muda mrefu.

Vinasaidia, ila si kwa njia ambayo wengi wanadhani. Watu wa Chuo Kikuu cha Reading huko Uingereza walichapisha utafiti 2014, wazazi walikuwa wanaangalia na watoto wao wadogo kitabu cha picha cha mboga moja ambayo mtoto haijui, kwa wiki mbili. Baadaye mboga ilipoletwa mezani wale watoto walikuwa tayari zaidi kuionja. Hakukuwa na mahubiri humo, picha tu, inavyokua, inavyokatwa, ilivyo kwenye sahani. Mtoto wa miaka miwili mpaka sita anaogopa chakula kigeni, hiyo ni hatua ya kawaida ya ukuaji, na kitabu kinakipunguzia ugeni kabla hakijafika mdomoni. Lakini bado ataonja na kutema. Wengi wanahitaji kuletewa chakula kilekile mara 8 mpaka 15 ndo wakizoee, kwa hiyo msitegemee miujiza ya kitabu kimoja.

Sasa vile ambavyo nakuomba uviache kabisa. Vile vya kula karoti uwe na nguvu, kula mboga uwe na akili. Michal Maimaran na Ayelet Fishbach walilijaribu hili, nao 2014, wakawasomea watoto wa shule ya awali hadithi ya mtoto anayekula chakula fulani. Kundi moja liliambiwa chakula kinampa nguvu au kinamsaidia kujua kusoma au kuhesabu, jingine halikuambiwa faida yoyote. Walioambiwa faida walikula kidogo zaidi! Mtoto akili yake inafanya hesabu yake, kama hiki ni dawa basi hakiwezi kuwa kitamu. Kitabu kikisema chakula ni kitamu, kinakwaruza, kinatoa maji, kinanuka hivi, kinatosha. Na vile vyenye chakula kibaya na chakula kizuri, peremende ina sura ya shetani na brokoli ana mabawa, mi navirudisha vilipotoka.

jembe_na_kalamu

Kwenye mifugo mi naona ukweli kwa kipimo cha umri. Wa miaka mitatu mwache na ng'ombe wake anayetabasamu. Ila kuanzia mitano sita kitabu kieleze angalau kwamba ng'ombe hatoi maziwa mpaka azae, yale maziwa yalikuwa ya ndama, hilo peke yake linabadilisha picha nzima na vitabu vingi sana havilisemi, ng'ombe anachorwa kama bomba. Kuku yeye anataga hata bila jogoo, ila yai hilo halitoi kifaranga, watoto wanapenda sana kujua hilo sijui kwa nini.

Nyama, wa miaka saba kwenda juu wanajua tayari, wanataka mtu mzima aseme tu. Kitabu kizuri kinasema mnyama huyu amefugwa, ametunzwa, atachinjwa, kwa sentensi moja iliyotulia na kinaendelea. Kikikwepa watakuuliza wewe, kikichora damu hawatalala.

pili_wa_hadithi

Hapo naungana na jembe leo, iandikwe tarehe.

mwl_siti

Kabla uzi haujazama, la usalama, maana hawa watoto watasoma na kutenda. Vitabu vingi vya majaribio vinasema weka harage kwenye pamba yenye unyevu ndani ya glasi. Jaribio zuri, unaona mzizi unatangulia, afu shina linajikunja linainua yale majani mawili manene. Lakini hakuna kinachosema maharage mabichi hayaliwi. Yale mekundu hasa, punje chache tu mbichi zinatosha kumtapisha mtu vibaya, sumu yake inaisha kwa kuchemshwa vizuri. Na msitumie mbegu za dukani za kupandia zilizopakwa rangi ya waridi au kijani, ile ni dawa. Tumieni maharage ya chakula ya kawaida yanaota vizuri tu. Na kitabu kikionyesha mbegu za mbarika kama shanga za kuchezea msikipeleke kokote karibu na watoto.

Halafu kitabu kieleze kwa nini lile harage la kwenye pamba baada ya muda linadhoofika. Linakuwa limemaliza akiba iliyokuwa kwenye yale majani manene na pamba haina chakula cha kulipa. Mkihamisha kwenye udongo mapema linaendelea. Hapo mtoto anajua udongo unafanya kazi gani bila kukaririshwa.

rafu_ya_chini

Kama bajeti ni ndogo ingia African Storybook na StoryWeaver, ni bure, ya kwanza inaendeshwa na Saide ya Afrika Kusini na ya pili ni ya Pratham Books ya India. Zote zina hadithi za Kiswahili, na leseni zake ni huria, unaruhusiwa kupakua, kuprinti, hata kutafsiri au kubadilisha maneno ilimradi utaje wenyewe. Zimepangwa kwa ngazi za usomaji kwa hiyo chagua kwa ngazi kabla ya mada. Ubora unapanda na kushuka kwa sababu wengi wanaruhusiwa kuandika, zisome zote mwenyewe kwanza na kipimo cha nanasi cha jembe kiwe mkononi. Ukiprinti tumia karatasi nzito na upige laminesheni, vitabu vya bustanini vinashikwa na mikono ya udongo.

mamake_tunu

Basi naanza na hizo za bure usiku huu huu. Swali dogo la mwisho kwa mkuu jembe, tukitaka kitabu na bustani viende pamoja tuanze na mmea gani ili hawa wadogo wasichoke?

jembe_na_kalamu

Figili. Aina za haraka zinachomoza ndani ya siku chache na mnang'oa kama wiki nne hivi. Ni chungu kidogo, wengi watatema, ila kung'oa watapigania. Harage lifuate kwa sababu kila hatua inaonekana kwa macho, na boga mpande moja tu, linakula nafasi yote. Karoti waachie wakubwa.